Mwongozo Kamili wa Kuwa Kiongozi wa Maendeleo ya Jamii na Uchumi: Kuanzia Kikao cha Kijiji hadi Ukuu wa Idara

Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa umekaribia kuvunjika. Jua lilikuwa utosini, ajenda ya vyoo vya shule haijafika nusu, na mzee mmoja aliyekaa kimya tangu asubuhi akasimama akauliza: "Zile fedha za bati tulizochanga mwaka juzi ziko wapi?" Mwenyekiti akamtazama mtendaji, mtendaji akanitazama mimi. Nilikuwa afisa maendeleo wa kata, nina miezi minne kazini, na jibu sina. Siku ile hakuna aliyechangia vyoo hata shilingi.

Mkutano ule ndio ulionifundisha kazi hii. Watu wale walikuwa na nguvu ya kujenga na walikuwa na haja ya vyoo. Walikataa kwa sababu mchango wa nyuma haukusomewa hesabu. Tangu hapo nimewaona wenzangu wengi wakipanda na wengine wakikwama, na tofauti yao kubwa imekuwa hapo hapo: nani anaweza kuendesha kikao cha watu na kusoma hesabu mbele yao bila kutetemeka.

Ninayoyaandika yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za serikali za mitaa. Nimemlenga kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, mhitimu wa chuo anayetafuta pa kuanzia, na mtumishi wa kata anayetamani siku moja kuongoza idara.

Hatua ya 1: Jua ngazi zilivyopangwa

Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye anayekaa karibu zaidi na wananchi. Juu yake, halmashauri ina Mkuu wa Idara au Kitengo cha Maendeleo ya Jamii, na chini ya mkuu huyo wapo waratibu: wa mikopo ya vikundi, wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), wa dawati la jinsia na watoto, wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Kisha kuna sekretarieti ya mkoa, halafu wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii. Utumishi wa kila siku wa maafisa walio kwenye halmashauri uko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, wakati sera inatoka wizarani. Ukilijua hilo mapema hutashangaa kupokea barua mbili juu ya jambo moja.

Usimchanganye afisa maendeleo na mtendaji. Mtendaji wa kata ni msimamizi wa shughuli zote za serikali katani na ni katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Wewe ni mtaalamu. Nguvu yako ni hoja na takwimu, na wananchi kukuamini.

Nje ya serikali kuna njia nyingine zenye hadhi ile ile: miradi ya mashirika, SACCOS na vyama vya mazao, miradi ya kanisa na msikiti. Viongozi wazuri niliowafahamu wengi walipita pande zote mbili.

Hatua ya 2: Chagua masomo kwa kuangalia unakotaka kufanya kazi

Kwa astashahada na stashahada kuna vyuo vya maendeleo ya jamii vya serikali: Buhare kule Musoma, Rungemba Mufindi, Uyole Mbeya, Monduli, Mlale Songea, Ruaha Iringa, Misungwi Mwanza na Mabughai Lushoto. Misungwi na Mabughai hufundisha pia ufundi, na afisa anayeweza kusoma ramani ya jengo hadanganywi na fundi kirahisi. Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, Arusha, inafika ngazi ya shahada. Chuo cha Mipango Dodoma ni kizuri kwa anayependa mipango na bajeti, Moshi kwa ushirika, Sokoine kwa maendeleo vijijini. Chuo Kikuu Huria kinamfaa aliyekwisha kuajiriwa.

Ushauri wangu ni mmoja: popote utakapokwenda, usiikimbie hesabu. Somo la uhasibu wa msingi wanafunzi wengi hulichukua ili lipite tu. Lichukue kana kwamba ndilo lililokupeleka chuoni.

Hatua ya 3: Anza kazi kabla hujaajiriwa

Hapa ndipo wengi wanapopoteza miaka. Anasubiri tangazo la ajira, na kijijini kwao kuna kikundi cha akinamama ambacho katibu wake anahangaika na daftari. Nenda ukaombe kumsaidia. Salimia, eleza wewe ni mtoto wa nani, na omba kukaa nyuma wiki mbili bila kusema neno.

Chukua mfano wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 25. Hisa moja ni shilingi 2,000, na kila mwanachama hununua hisa moja hadi tano kwa wiki. Tuseme wastani ni hisa tatu. Kila wiki kisanduku kinapokea 25 mara 3 mara 2,000, yaani shilingi 150,000. Kwa wiki 52 ni shilingi 7,800,000, sawa na hisa 3,900. Mwisho wa mzunguko, riba na faini zimeleta shilingi 1,170,000. Jumla ya kugawana ni shilingi 8,970,000. Gawa kwa hisa 3,900: kila hisa iliyonunuliwa kwa 2,000 sasa ina thamani ya 2,300. Mama aliyenunua hisa 120 aliweka shilingi 240,000, anaondoka na 276,000. Mfuko wa jamii, ule wa msiba na ugonjwa, hauingii kwenye hesabu hii kabisa. Huhesabiwa peke yake na huwekwa kwenye mfuko wake wa kitambaa ndani ya kisanduku.

Kama unaweza kuieleza hesabu hiyo kwa mtu asiyejua kusoma, kwa kutumia mihuri inayogongwa kwenye kijitabu chake kwa kila hisa, mpaka yeye mwenyewe akaitaja thamani ya hisa zake kabla hujaisema, basi umeshaianza kazi. Angalia pia mambo yasiyoandikwa: kisanduku kina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Fedha huhesabiwa kwa sauti, na kila mwanachama hukariri salio la kufunga ili wiki ijayo walilinganishe. Utaratibu huu unalinda urafiki wao. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi hivi katika daraja la nne na kutaka visajiliwe. Msaidie katibu kukamilisha usajili, na weka nakala ya kila karatasi.

Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kitu cha kusema kwenye usaili ambacho mwenzako hana.

Hatua ya 4: Omba kazi kwa utaratibu

Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupitia mfumo wa Ajira Portal. Andaa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na vya chuo (matokeo ya muda hayatoshi), na majina yafanane kwenye nyaraka zote. Jina likitofautiana herufi moja, shughulikia kiapo mapema. Nimeona watu wakikosa usaili kwa hilo tu. Mwenye shahada huanzia Daraja la II kwa ngazi ya mshahara ya TGS D. Ukiajiriwa utakuwa kwenye matazamio kabla ya kuthibitishwa, na ukumbushie kuthibitishwa kwako kwa barua, usingoje kukumbukwa.

Kwenye usaili wa mahojiano, acha maelezo marefu ya nadharia. Ukiulizwa utafanyaje kikundi kisiporejesha mkopo, eleza ulichokiona kwa macho yako.

Hatua ya 5: Siku 90 za kwanza katani

Tembea. Pikipiki ikikosa mafuta, tembea kwa miguu. Anza kwa mtendaji wa kata na diwani, kisha wenyeviti na watendaji wa vijiji, halafu nenda chini zaidi: wenyeviti wa vitongoji, mwalimu mkuu, mganga wa zahanati, shehe, mchungaji, katekista, mama anayeuza chai stendi. Kila mahali uliza jambo moja: "Ni kazi gani mliwahi kuianza pamoja na haikuisha?" Swali hilo ndilo lingeniokoa na zile fedha za bati.

Omba kusoma mihtasari ya mikutano ya miaka mitatu iliyopita. Chora kalenda ya kata: lini watu wanalima, lini wanapalilia, lini fedha ya mavuno inaingia, lini njaa inagusa. Mkutano ulioitishwa wakati wa kupalilia utapata wazee na watoto, na mchango unaodaiwa mwezi wa kiangazi kikali utaleta ugomvi. Kwa wavuvi kalenda ni ya mwezi wa angani, kwa wafugaji ni ya maji na malisho. Iandike ukutani.

Hatua ya 6: Jifunze kuendesha mkutano

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo uongozi wenyewe ulipo.

Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa kwa mpango wa madaraka mikoani, zikarejeshwa kwa sheria za 1982. Sheria Na. 7 ya mwaka huo, inayohusu mamlaka za wilaya, inautambua mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, kuwa ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25 inawajibika kwao. Mjini, mtaa una mkutano wake chini ya Sheria Na. 8. Kwa hiyo unaposimama mbele ya watu wale, umesimama mbele ya wenye mali. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika angalau kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe.

Kwa uzoefu wangu utaratibu unaofanya kazi ni huu. Wiki moja kabla, tangazo la kwenye mbao za matangazo liwe na ajenda zote, na mgambo au kipaza sauti cha msikiti kisaidie. Siku yenyewe, ajenda ya kwanza baada ya kufungua iwe hesabu za mchango uliopita, hata kama hazipendezi. Zisome polepole: tulikusanya kiasi gani, kutoka kwa kaya ngapi, tulinunua nini, stakabadhi hii hapa, kimebaki nini. Kama kuna upotevu, sema upo. Niliporudi kwa wale wananchi wa bati, ilinichukua wiki tano kukusanya stakabadhi. Sehemu ya fedha ilikuwa imelipia saruji ya zahanati bila idhini ya mkutano, na sehemu haikuwa na maelezo. Nilisoma hivyo hivyo. Kulikuwa na kelele, mkutano ukaazimia aliyehusika arejeshe, na katika mkutano uliofuata mchango wa vyoo ukaanza kuingia.

Baada ya hesabu ndipo uje kwenye mipango. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanza kutumika nchini mapema miaka ya 2000 na kuboreshwa baadaye, unaanza kwa kuuliza jamii ina nini kabla ya kuuliza inakosa nini. Ufuate mpangilio huo kwa dhati. Kijiji kilichoanza kwa kuorodhesha mchanga, mawe, mafundi watatu, trekta la mwana kijiji na vijana wa msaragambo huomba serikalini mabati na saruji tu, na maombi ya namna hiyo yana nafasi kubwa zaidi ya kusikilizwa.

Wagawe watu: wanawake peke yao, wanaume peke yao, vijana peke yao, wenye ulemavu wakae wanapofikika. Kila kundi lipange vipaumbele kwa kutumia punje za mahindi. Katika kijiji kimoja wanaume waliipa kipaumbele ofisi ya kijiji na wanawake kisima. Tulipoyaweka marundo ya mahindi pamoja mbele ya wote, hakuna aliyehitaji kuhubiriwa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na halmashauri huandaa bajeti miezi mingi kabla. Vipaumbele vya kijiji vikichelewa kupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, vitangoja mwaka mwingine.

Maliza kwa kusoma maazimio kwa sauti: nani, nini, lini. Muhtasari usainiwe siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Simamia mikopo kama fedha ya mtu unayemheshimu

Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Takwa hilo liliwekwa kisheria mwaka 2018 na kanuni zikafuata 2019. Mwaka 2023 utoaji ulisitishwa ili utaratibu uangaliwe upya, baada ya ripoti za ukaguzi kuonyesha mikopo mingi isiyorejeshwa, na ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 zikichaguliwa kujaribu njia ya benki. Kwa hiyo soma kanuni zinazotumika sasa, usitegemee daftari la mtangulizi wako.

Mikopo hii imeinua na kuangusha maafisa wengi. Kikundi kikija ofisini, usianze na andiko lao. Anza na mambo matatu. Kwanza, wamekuwa wakiweka fedha pamoja kwa muda gani? Kikundi kilichozaliwa wiki ya tangazo la mkopo mara nyingi hufa wiki ya mgao. Pili, nenda kwenye eneo la mradi bila taarifa. Tatu, piga nao hesabu ya muda.

Hii ya tatu ndiyo inayosahaulika. Mfano ni kuku wa mayai, mradi unaoombwa kila kata. Kuku huyo huanza kutaga akiwa na miezi mitano hivi. Tangu kifaranga mpaka yai la kwanza hula karibu kilo 7 au 8 za chakula. Kikundi chenye kuku 300 kitatumia zaidi ya tani mbili za chakula kabla ya kuuza yai moja. Wakianza kutaga, kila mmoja hula karibu gramu 120 kwa siku, yaani kilo 36 kwa kundi zima. Sasa kama marejesho yanaanza mwezi wa nne na fedha yote ililipia banda na vifaranga, wanawake hao watauza kuku wachanga, na wewe utawaita wadaiwa sugu. Tatizo lilikuwa kwenye karatasi uliyoisaini wewe. Niliwahi kuisaini karatasi kama hiyo. Nilimwona mwenyekiti wao akipita njia nyingine sokoni ili asinikute, na hilo liliniuma kuliko barua yoyote ya onyo.

Washauri wanunue kuku waliokaribia kutaga, au waanze na wachache, au waombe ratiba ya marejesho inayofuata mayai. Andika ushauri huo kwenye fomu.

Wakubwa watakupa majina ya vikundi. Vipokee kwa heshima na uvipitishe kwenye maswali yale yale matatu. Ukiwa na fomu moja kwa wote, iliyojazwa kwa kalamu siku ya ukaguzi na kusainiwa na mtendaji wa kijiji, unakuwa na pa kusimama. Na zawadi ya kuku au gunia la mpunga baada ya mkopo kutoka, irudishe kwa upole siku hiyo hiyo, mbele ya mtu wa tatu.

Hatua ya 8: Jenga kitu ambacho kitatunzwa

Kabla mradi haujaanza, uliza nani atalipia ukarabati wa kwanza. Visima vingi vya pampu vimekufa kwa kukosa kifaa kidogo tu. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 ilileta RUWASA, wakala wa maji vijijini, na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii vinavyokusanya ada na kuajiri fundi. Keti na chombo cha eneo lako, uone kama bei ya ndoo inatosha kununua vipuri. Fanya hivyo hivyo kwa mashine ya kusaga, soko, na ukumbi.

Hatua ya 9: Panda kwa ushahidi

Kila robo mwaka andika kurasa mbili: vikundi vingapi, vimeweka kiasi gani, vimerejesha kiasi gani, miradi ipi imekwama na kwa nini. Tathmini ya watumishi sasa hupita kwenye mfumo wa PEPMIS, na mwenye takwimu zake mkononi hahangaiki mwisho wa mwaka. Jitolee kuandika maandiko ya miradi ya halmashauri, hata yale ambayo jina lako halitatokea. Shahada ya uzamili isome baada ya miaka michache ya kata, ukiwa na swali lako mwenyewe la kutafiti. Ukifika ngazi ya kusimamia wengine, tafuta mafunzo ya uongozi. Taasisi ya UONGOZI, iliyoanzishwa 2010, ni mahali pamoja pa kuanzia.

Ukiwa mkuu wa idara, kazi yako ya kwanza ni maafisa wako wa kata. Wapelekee mafuta ya pikipiki kabla ya kudai taarifa. Kaa kwenye mkutano mmoja wa kijiji kila mwezi, nyuma, kama ulivyokaa kwenye kile kikundi cha akinamama.

Hatua ya 10: Kabidhi ofisi vizuri

Uhamisho utakuja, mara nyingi kwa barua ya ghafla. Uwe na jalada la makabidhiano linaloongezwa kila mwezi: orodha ya vikundi na salio la mikopo yao, namba za akaunti na watia saini, stakabadhi za michango, miradi isiyoisha na hatua ilipofikia, migogoro ya ardhi inayogusa miradi. Mpeleke mrithi wako vijijini umtambulishe mwenyewe. Ukurasa wa mwisho uweke ahadi ulizozitoa kwa mdomo: kwamba ulimwambia mwenyekiti wa kitongoji cha ng'ambo ya mto utarudi baada ya masika kupima eneo la kivuko, na kwamba bibi mmoja anangojea ujibu kama mjukuu wake mwenye ulemavu anaweza kukopa.